Kilomita za Marehemu

Lori la mboga lilikuwa likishuka kutoka Mgeta, na Sikudhani, aliyeketi juu ya magunia yake ya karoti, aliwasikiliza abiria wenzake wawili. Mmoja alikuwa mjane wa makamo, mwingine fundi pikipiki. Walikuwa wamekutana humo humo.

"Marehemu mume wangu aliiacha pikipiki yake na kilomita mia nane tu," alisema mjane. "Miaka tisa imo stoo. Sasa mwanangu anaitaka. Nibadilishe nini?"

"Kilomita chache zisikudanganye, mama. Chombo kikikaa huchakaa. Badilisha oili, betri na tairi, na kabureta isafishwe. Tairi za miaka tisa lazima zina nyufa."

"Hazina nyufa. Zina tope bichi."

Fundi akacheka. Sikudhani hakucheka.

"Tope la wapi, nayo imo stoo?" akauliza fundi.

"Ufunguo ninao mimi, na tangi ni kavu. Lakini kila Ijumaa nikifungua mlango nakuta kilomita kumi na mbili zimeongezeka. Kwenda makaburini na kurudi nyumbani ni kumi na mbili."

Fundi akasogea mbali naye kidogo. "Usimpe mtoto, mama. Iuze."

"Niiuze vipi, na mwenyewe bado anaitumia?"

Lori liliposimama kupakia kabichi, fundi akaruka chini, ingawa alikuwa amelipia nauli ya mpaka mjini. Sikudhani akatamani kumfuata, ila karoti zilimzuia. Mjane akainama ukingoni, akamwita kwa upole:

"Fundi! Na breki je? Ule mteremko wa makaburini ni mkali."