Bwana Itakuwaje na Taa ya Majani ya Majini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka fundi umeme aliyefariki wiki iliyopita, nyumbani kwake, usingizini. Moyo ulisimama. Tunarudia, ni moyo, si umeme, maana familia imeomba hilo lisemwe wazi. Mtaani watu walishaanza kuinyooshea kidole ile taa yake.

Wenzake kazini walimwita Bwana Itakuwaje. Ukimpa ngazi, anauliza ikiteleza itakuwaje. Ukimpa chai, anauliza ikimwagikia waya itakuwaje. Walimcheka mpaka mbavu zikawauma, lakini aliyepanda juu alitaka yeye ndiye amshikie ngazi. Ujanani alimwona mwenzake akinaswa na umeme kwenye nguzo, na tangu siku hiyo roho yake haikutulia. Mtu huyo mwoga, wasikilizaji wapendwa, ndiye aliyeunda taa kwa mikono yake na kuining'iniza juu ya maji.

Ilianza mkewe, mwalimu wa shule, alipoanguka na kuvunjika nyonga. Mwalimu yule, mwanamke wa maneno na vicheko, akawa wa kulala chali miezi na miezi, macho ukutani. Akapoteza hamu ya kula. Akaacha hata kumtania mumewe, na hilo ndilo lililomtia fundi kiwewe. Akamhamishia chumbani tangi lao la samaki, la kioo, refu kama kitanda, lenye majani ya majini yaliyopandwa mchangani. Mama akauacha ukuta, akageuza uso kulitazama. Jioni ile akaomba chakula mwenyewe.

Furaha haikudumu. Chumba kilikuwa na kidirisha kimoja, na tangi lilikuwa na kina kirefu. Mwanga wa taa ya tangi iliyonunuliwa dukani uliishia juu juu tu. Majani ya chini yakawa ya njano, yakaanza kuoza, na kila yalipopungua mama naye alirudi kutazama ukuta.

Hapo fundi akajifunga kibwebwe. Alichukua bamba la alumini ili lipoze taa, akabandika mikanda ya taa za LED, akaifunika kwa plastiki angavu na kuziba kingo zote kwa silikoni. Adapta akaifunga ukutani, mbali na maji. Waya akauacha ulegee, ushuke chini kuliko plagi kabla ya kupanda, ili tone likiufuata lidondoke sakafuni, lisifike kwenye umeme. Yote sawa. Kisha hofu ikamshinda, akaitundika taa karibu na dari. Majani yakaendelea kufa.

Mkewe anasema alimvumilia, akamvumilia, mwisho akamwambia: "Mume wangu, unaogopa taa itatuua, na majani yanakufa kwa hofu yako. Ishushe."

Akaishusha kidogo kidogo, glavu za mpira mkononi, jasho likimtoka. Baada ya hapo hakubanduka. Alivuta kiti, akakaa kuilinda taa yake kana kwamba ingemtoroka.

Mchana mmoja umeme ukazimika ghafla nyumba nzima. Fundi alikuwa ameona vipovu vikitoka kwenye majani na kupanda mstari mstari. Akajua umeme umeingia majini na maji yanachemka. Alikimbilia swichi kuu, akaizima. Binti yao anasimulia kwamba alimkuta baba yake ukumbini, akamkataza asiguse chochote. Chumbani, mama alikuwa anacheka mpaka machozi, kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

"Hiyo ni hewa," alimwambia. "Majani yameshiba mwanga, yanapumua."

Hakuamini hivi hivi. Alipima, akapima tena, ndipo akawasha. Majani yakatanda tangi zima. Na mama akajifunza kusimama upya, ameshikilia meza ya tangi, fundi nyuma yake amekunjua mikono, akiuliza akianguka itakuwaje.

Juzi tulimtembelea mama huyo. Anatembea. Tulimuuliza anamkumbuka mumewe kwa lipi.

"Mimi sikuwahi kuogopa kitu," alisema. "Nilidhani ndivyo nilivyoumbwa. Kumbe yeye alikuwa anaogopa kwa niaba yangu. Sasa nikilala nasikia kila kitu, bomba, mlango, dari. Naamka nashika swichi moja moja, na sijui natafuta nini."

Mama, pole sana. Binti, pole. Mafundi wenzake, poleni nyote. Mola amlaze mahali pema, apumzike, aziache hofu zake.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujiulize. Yupo mtu nyumbani asiyepata usingizi mpaka ajue umefika. Anakupigia simu, nawe unasonya, unaiacha iite. Leo akipiga, pokea. Mwambie umefika salama.