Kaseti ya Marehemu Dada

Mwaka 1988, kwenye lori la kahawa kutoka Kaisho, nilikaa karibu na Xaveri, kijana asiyeona aliyekuwa anarudi chuo cha ualimu. Alikuwa amepakata redio kaseti. "Marehemu dada alinisomea vitabu kwenye kaseti hii," alimwambia Mama Felicitas, mchuuzi wa vitenge aliyekutana naye humo garini. "Sasa nitarekodi masomo mapya juu ya sauti yake. Kaseti nyingine sina."

"Umfute dada yako? Una wazimu wewe!"

"Alitaka nifaulu, mama."

Akabonyeza. Sauti ya msichana ikasoma habari za mimea, ikakohoa, ikacheka: "Xaveri, usisinzie!"

Mimi nilijifanya natazama migomba.

Lori likasimama Rubwera. "Mama, umefika," utingo akaita.

"Subiri," alisema Mama Felicitas. "Mwanangu, rudisha nyuma kidogo, pale anapocheka."