Jeneza Halibebwi kwa Kidole Gumba

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari zenu. Akina mama mlio kwenye mkeka kule nyuma, nawaona, na harufu ya pilau naisikia, kwa hiyo nitajitahidi nisirefushe, ingawa mnanijua.

Naanza na aibu yangu mwenyewe kabla mtu hajanianzia. Kuna wakati mie niliamini, tena kwa moyo mweupe, kwamba simu yako ikizimika kutwa nzima na kucha, unahesabiwa umekufa. Ilikuja kwenye grupu sauti ya kurekodiwa, sauti nzito ya mtu aliyeshiba, inasema kuna kompyuta kubwa mahali inahesabu watu kwa simu zao. Yako ikinyamaza siku moja kamili, jina lako linahamishiwa kwenye orodha ya marehemu. Basi, umekwisha. Ukienda hospitali wanaulizana, huyu maiti anataka nini? Ukitaka kuoa, huozeshwi.

Chekeni tu. Mie nilikuwa naoga na simu ndani ya mfuko wa plastiki, nimeitundika msumarini. Umeme ulipokatika Kiwalani nzima, nilikwenda hospitali kutafuta soketi. Nikakaa wodini kando ya mgonjwa nisiyemjua, nikamshika mkono, nikawaambia ndugu zake mie ni mpwa wa mbali. Wakanipa na uji! Yule mgonjwa akapata nafuu, na simu ikajaa.

Na mie ni msomi, jamani. Cheti cha kidato cha nne ninacho, nimekipata kwa masomo ya jioni, katika umri ambao wenzangu wanaozesha watoto. Lakini nililimeza lile jambo zima zima, na mifupa yake. Aliyenitoa ujinga huo nitawaambia mwishoni. Jina lake silitaji, na leo simtaji mtu yeyote jina. Anayejijua anajijua.

Sasa kwa nini nimesimama? Mmesikia mwenyekiti alivyosoma. Kuna pendekezo kwamba mwanachama wa kikundi chetu hiki cha kufa na kuzikana, akiandika pole kwenye grupu, ahesabiwe amehudhuria msiba. Mwenyekiti kasema anayepinga asimame. Nimesimama. Na sikai mpaka nimalize. Wewe mwenye shati la bluu, weka hiyo simu chini, nakuongelea wewe.

Tena pendekezo lenyewe, ndugu zangu, aliyelianzisha ni mie.

Simu janja niliinunua kwa ajili ya masomo. Mwalimu wetu wa jioni alisema notisi zote zimo humo. Na kweli zilikuwemo. Ila zilikuwemo pamoja na dunia nzima, na mie mkono wangu ukawa unakosea mlango. Mwanzo dakika tano, mwisho nikawa natengeneza makochi kwa mkono mmoja. Mnanijua kazi yangu, mie fundi makochi. Nyundo kulia, simu kushoto, misumari mdomoni. Kuna mama mmoja nilimpigia kitambaa upande wa nyuma ukatazama mbele, akanirudishia kochi likiwa na maua yaliyopinduka miguu juu.

Mtaa mkanipa cheo, admini wa grupu. Ah, hapo nikavimba. Kila kitu kinapita kwangu. Mtoto amepotea, mie. Maji yametoka, mie. Nani kafariki, mie wa kwanza, na pole yangu ndefu kuliko zote, yenye maneno ya kitabuni, na vikatuni vya machozi vinne kwa mstari. Nyie wenyewe mkawa mnazichukua pole zangu mnazipeleka kwenye misiba ya ukoo wenu hadi Tanga. Nikawaambia siku moja, na hapo ndipo pendekezo hili lilipozaliwa: "Wanamtaa, dunia imekua. Aliyeandika amefika."

Nyumbani kwangu nikawa mpangaji. Mke wangu alikuwa ananitumia meseji kutoka jikoni, na jikoni kwetu na sebuleni vimetenganishwa na pazia. "Ugali unapoa." Namjibu kwa kidole gumba. Siku moja akaandika: "Mume wangu, unanijua mie ni nani?" Nikamjibu: "Niko bize, nitakujibu baadaye." Wallahi nilimjibu hivyo. Huyo pale anatikisa kichwa.

Mama yangu mzazi tulikuwa naye chumba cha pili. Mama yule, nyie mnamjua, hakuwa na simu, lakini hakuna msiba wa mtaa huu ambao hakuupepetea mchele. Kilio kikisikika, kabla kilio cha pili hakijafika yeye ameshajifunga kanga, yuko mlangoni. Ananiita, "Mwanangu, twende." Namwambia, "Tangulia mama, mie nimeshaandika."

Akaniuliza, "Umemwandikia nani? Marehemu anasoma?"

Nikacheka. Nikalipeleka kwenye grupu kama kichekesho.

Sasa hapa ndipo pananiuma. Jirani yangu wa ukuta mmoja ni kiongozi wa wachimbaji makaburi wetu. Baba yake ndiye aliyenifundisha kazi. Mzee yule alinishika mkono huu akanionyesha kupiga msumari bila kuuponda, akanipa nyundo yake ya kwanza, ninayo mpaka leo. Akafariki. Ilikuwa Jumamosi mchana. Kilio nilikisikia kwa masikio haya, ukuta wetu ni wa tofali moja, hata mtu akikohoa kule huku tunamwambia pole.

Nikaandika rambirambi. Ndefu! Kisha kuna mtu kwenye grupu la wanafunzi wenzangu wa jioni akasema nyangumi ni samaki. Mie mtu wa baiolojia ningeachaje? Nikamjibu. Akanijibu. Nikatafuta picha. Nikatafuta na video za nyangumi ananyonyesha. Nasikia wanasema "tunaanza kutoka," nikasema namalizia hapa nawafuata. Saa mbili nzima. Na nilishinda, ndugu zangu. Nyangumi si samaki. Na mzee akazikwa.

Keshokutwa yake tukakutana bombani na yule jirani.

"Fundi, nilikuona jana na juzi," akaniambia.

"Uliniona wapi?"

"Kwenye simu."

Akajitwika ndoo yake akaenda.

Miezi ikapita. Asubuhi moja mama yangu amekaa uani anapepeta mchele, tena wa msiba wa watu, akainamia ungo hakuinuka. Mke wangu hakunitumia meseji siku hiyo. Alipiga ukelele.

Na mie, nawaambia ukweli mbele ya Mungu na mbele yenu, kabla sijamfumba mama macho, niliandika kwenye grupu. Mkono ulishazoea.

Pole zikamiminika kama mvua ya masika juu ya bati. Akina mama mkaja. Nyie akina mama mlikuja wote, mkajaza nyumba, mkajaza uani, mkamwosha mwenzenu, sitasahau. Lakini turubai la wanaume lilitandazwa, viti vya kikundi vikapangwa, na kiti kikabaki kiti. Nimekaa pale nasoma: "Tuko pamoja admini." "Tuko pamoja sana." Nainua kichwa, niko pamoja na viti vya plastiki. Saa nne simu ikaisha chaji, hata pole zikanyamaza.

Adhuhuri tukampeleka msikitini, akaswaliwa na waliokuwepo, wengi wapita njia, Mungu awalipe, wakarudi kwenye shughuli zao. Tulipotoka na jeneza kuelekea makaburini tulikuwa saba. Mie, shemeji zangu watatu, shehe wetu ambaye goti lake mnalijua, na wazee wawili wa kushikwa mkono.

Kwa ambao hawajawahi kulibeba, niwaeleze. Jeneza la mtu mwenye watu halikai begani. Unaliingia, hatua tatu, hatua nne, mwenzako anatia bega lake nyuma yako, anakupokea, wewe unatoka pembeni. Linakwenda kama linaelea juu ya watu. Nilikuwaga nadhani jeneza ni jepesi. Siku ile ndipo nilipojua lina uzito gani. Nililibeba tangu mlango wa msikiti, na hakuna bega lililokuja nyuma yangu. Jua la utosi. Kila nikitega sikio nisikie hatua za mtu, nasikia kandambili zangu mwenyewe. Mama yangu hakuwa na kilo hamsini, lakini siku ile nilikuwa nimebeba mtaa mzima uliokosekana.

Nikasema moyoni, wamenisusia. Na nikakasirika! Nikasema mie mkosaji, sawa, nikomoeni mie, lakini mama huyu kawakosea nini? Tukafika pale kijiweni kwa bodaboda. Vijana kumi na kitu wamekaa kwenye pikipiki zao, vichwa chini, vidole vinakwenda. Tukapita na maiti mbele yao. Hakuna aliyeinua uso.

Mara nikamwona yule jirani yangu anakuja kutoka makaburini, udongo umempanda hadi magotini. Kaburi la mama yangu ndiye aliyekuwa analichimba tangu asubuhi, na mie sikujua hata kuuliza nani anachimba. Akaja moja kwa moja, hakunisalimu, akatia bega lake chini ya jeneza nyuma yangu.

"Toka, fundi," akasema. "Msiba wa baba, mama yako alilala kwetu siku tatu."

Kisha akageuka kijiweni akapaza sauti ambayo nadhani hata uwanja wa ndege ndege ziliahirishwa: "Nyie! Mnaandika nini hapo? Kuna jeneza linapita!"

Vichwa vikainuka. Nikaziona nyuso zao, na hazikuwa nyuso za watu waliosusa. Zilikuwa nyuso za watu walioamshwa. Wakaruka, pikipiki zikaanguka huku na huku, wakaja mbio, na jeneza likaanza kuelea. Likanitoka begani likaenda, nikabaki nyuma nalia kama mtoto.

Kijana mmoja akanishika kiuno ananisogeza. Akaninong'oneza, "Braza, samahani. Sie tulishaandika. Mie hapa nilikuwa nakuandikia ya pili. Si ulisema mwenyewe aliyeandika amefika?"

Ndugu zangu, nawaambia, laiti mngekuwa mmenisusia! Kususiwa ningekuvumilia, ningeomba radhi, ningetoa sadaka, yangeisha. Kumbe hamkususa. Mlinitii. Yale niliyowafundisha ndiyo mliyonifanyia, neno kwa neno, juu ya mama yangu.

Msidhani nilipona siku ile ile kama kwenye tamthilia. Simu niliifungia ndani ya kochi letu la nyumbani, nikapiga kitambaa juu, nikagonga misumari. Ikawa inalia humo ndani, nami nimeikalia. Wageni wanaruka, mie nasema ni springi. Kidole gumba kinajikuna chenyewe kwenye mkeka. Siwadanganyi, kochi lile nililifumua mara mbili. Mara ya tatu nimeshika koleo, mke wangu akasimama mlangoni, hakugomba, akasema kwa sauti yake, sauti ambayo nilikuwa nimesahau ilivyo, "Ugali unapoa." Nikaweka koleo chini nikaenda kula.

Leo simu ninayo, ya kupiga na kupokea. Uadmini nimeuacha. Akifariki mtu nazunguka mlango kwa mlango nagonga. Mnaniita king'ora. Niiteni! Mtoto wa jirani kaniambia mie mshamba, nikamwambia ndiyo, na mshamba huyu atakuja kukubeba. Kuna msomi mmoja humu alinikejeli kwamba narudisha mtaa nyuma. Nami namjibu mbele ya watu: narudisha, ndiyo, mpaka ufike mahali jeneza linapopokewa.

Sikatazi pole ya kwenye simu. Ndugu aliyeko Mwanza aandike, tutamsoma, tutamshukuru. Lakini wewe tunayechangia ukuta, wewe unayesikia kilio kabla ya grupu, usinihesabie kidole gumba kuwa ni bega. Pendekezo lile nililizaa mie, na leo naomba mnisaidie kulizika. Na mkilipitisha, lipitisheni, mie nitagonga milango yenu vile vile, na msipotoka nitagonga kwa nyundo.

Nawashukuru akina mama wa mkeka ule. Namshukuru shehe na goti lake. Vijana wa kijiweni, nawashukuru, tangu siku ile sijaona msiba mliokosa. Mke wangu, swali lako lile la kwenye meseji, jibu lake nimelichelewesha sana: nakujua.

Na jirani yangu. Ameinama, hapendi kusemwa. Siku ile tulipokwisha kufukia, watu wanatawanyika, nikakumbuka kwamba simu yangu imezimika tangu saa nne. Hofu ikanishika, pale pale juu ya kaburi la mama. Nikamfuata, anafuta udongo kwenye chepe lake. Nikamwambia, ndugu yangu, nisaidie pa kuchaji, maana ikifika kesho haijawaka, nitahesabiwa marehemu.

Hakucheka. Akaliegemeza chepe lake, akaniambia, "Nani kakudanganya? Simu haijui kama umekufa. Ukifa tutajua sie, kwa sababu sie ndio tutakaochimba."