Unga Ndani ya Mchuzi

Asubuhi ile benchi la mbele ya kinyozi lilikuwa limejaa na kahawa bado ya moto. Alikuwepo Kinyozi mwenyewe, Mabati fundi wa mapaa, na Cherehani anayeshona nguo mlango wa pili. Katikati yao aliketi Randa, seremala. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi sita, na kliniki walishamwambia ana siliaki: ngano, hata chembe, inamchubua utumbo, chakula hakimjengi, damu inapungua na mtoto tumboni anadumaa. Mkate, tambi, biskuti, vyote marufuku. Randa alilitaja jambo hilo kijiweni mara moja tu, na tangu siku hiyo wenzake hawakuliachia.

— Mchagua jembe si mkulima, alisema Kinyozi. Mama mkwe kapika, yeye anauliza kuna nini ndani. Hayo maringo.

— Maringo wapi, tumbo halijazoezwa tu, alisema Mabati. Haba na haba hujaza kibaba. Mtilie kidogo kidogo bila kumwambia, litazoea.

— Nyinyi hamjui, alisema Cherehani. Anayechagua ni huyo mtoto. Akizaliwa atakataa ziwa mpaka asomewe limetengenezwa na nini.

Wakacheka. Randa naye akacheka.

Jana yake mchana alimkuta mama yake, aliyekuja kumsaidia mkamwana, akikoroga unga wa ngano kwenye mchuzi upate kuwa mzito. Mama aliamini ugonjwa ule ni deko tu. Macho yao yalipokutana, aliweka kidole mdomoni. Randa angeweza kusema neno moja. Lakini alimwonea mama haya, na zaidi aliliogopa benchi, wasije wakasema anatawaliwa na sufuria ya mkewe. Akavuta kiti. Mkewe aliuliza kama mchuzi una ngano, mama akasema hauna. Ndipo mke akamgeukia mumewe, na Randa akainamia sahani.

Kulipokucha mwanamke alikuwa amejikunja kitandani, anatapika, tumbo limevimba. Dada yake ndiye aliyempeleka kliniki. Randa alisingizia kabati la mteja, akaja kukaa hapa.

Kinyozi alikuwa anamimina kahawa nyingine shemeji yake Randa, yule dada wa mkewe, alipotokea, kanga imemkaa upande, jasho linamtiririka. Hakumsalimu mtu.

— Shemeji, daktari anauliza jana alikula nini.

Kinyozi alimtazama Mabati. Mabati akatazama ndani ya kikombe. Cherehani akakumbuka ana nguo ya mtu, ila hakuinuka.

— Mwenyewe anasemaje? aliuliza Randa.

— Anasema ni chakula cha nyumbani tu. Anasema wewe ulikuwepo mezani, usingekubali apewe kitu cha kumdhuru.

Randa alikiweka kikombe chini polepole. Masikio yalimwaka kama aliyepigwa kofi mbele ya watoto wake.

— Ilikuwa ngano, alisema. Kwenye mchuzi. Niliona ikitiwa.

Shemeji aliiweka sawa kanga yake.

— Mtoto bado anacheza, alisema. Hayo mengine utamwambia mwenyewe.

Akageuka, akaanza kurudi alikotoka. Randa alimfuata kwa nyuma kidogo, asithubutu kwenda naye sambamba. Pale benchini hakuna aliyekuwa na methali.