Mama Mkasi na Kitabu cha Rispa

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu wa sita, mhariri wetu mkuu wa riwaya atafunga droo za meza yake na kustaafu, baada ya kulitumikia shirika letu la uchapishaji kwa miaka thelathini na mmoja. Hapa ofisini hakuna anayemwita kwa jina lake. Kuanzia mlinzi wa getini mpaka mchungaji mwenyekiti wa bodi, sote tunamwita Mama Mkasi, kwa sababu hakuna mswada uliowahi kupita mikononi mwake ukatoka na unene uleule.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa mimi ndiye mpanga kurasa wake, na meza zetu zimetazamana kwa muda mrefu kuliko niliokaa na mke wangu. Yaliyomo ameyaruhusu mwenyewe, kwa sharti kwamba nisimwite shujaa. Nimekubali, japo kwa shingo upande.

Alianza kama msoma prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa. Wakati ule tulichapa vitabu vya nyimbo, masomo ya shule ya Jumapili na kalenda za ukutani, basi. Riwaya tuliziona mambo ya kidunia. Kisha akatokea mzee wa kanisa mmoja, mpelelezi wa polisi aliyekuwa amestaafu karibuni, na mswada wake ndani ya mfuko wa plastiki. Tulimwita Afande, na jina hilo anatembea nalo mpaka leo. Alikuwa ameandika hadithi ya wezi wa vitu vya kale na mpelelezi anayewafuata nyayo kwa nyayo, akiongozwa na habari ya nabii Yeremia aliyeagiza hati za shamba zitiwe ndani ya chombo cha udongo zisioze.

Kamati ilitaka kumrudishia mswada wake siku hiyohiyo. Mjumbe mmoja aliuliza, bastola na madhabahu wapi na wapi. Mama Mkasi akaomba akausome nyumbani. Aliporudi alisema, "Kitabu kina makosa tele, lakini chakula changu kimeungua jikoni nikikisoma." Kamati ikakubali, na idara yetu ya riwaya ikazaliwa hivyo.

Makosa yenyewe yalikuwa ya kuchekesha. Jambazi wa Afande alitoka Yerusalemu akapanda mlima, jasho likimtoka, mpaka Yeriko. Mama Mkasi alimwita, akamfungulia Injili ya Luka, akamwambia, "Yule aliyeangukia wanyang'anyi alishuka, Afande. Huyu wako anapanda kwenda wapi?" Afande alicheka mpaka akavua miwani. Tangu hapo wakagawana kazi: yeye analeta uhalifu, mama analeta Maandiko na ramani. Vitabu vitano walivitoa kwa mtindo huo, na vijana ambao hawakuwahi kugusa kitabu chetu chochote wakawa wanakuja dirishani kuuliza cha sita kinatoka lini.

Cha sita ndicho ninachotaka kukisimulia.

Mama Mkasi na mume wake, ambaye ni mwalimu wa hesabu, walijaliwa mtoto mmoja wa kiume. Wengi wetu tulimjua tangu akiwa anabebwa mgongoni. Alikua akawa mchora mabango, mwenye mkono mwepesi na mdomo wa utani; herufi zilizo kwenye jalada la kitabu cha tatu cha Afande alizichora yeye. Siku moja ngazi ilimteleza akiwa anapaka rangi ukuta wa kituo cha mafuta, akavunjika paja la kushoto. Tulikwenda kumtazama hospitalini wafanyakazi wote. Alituonyesha picha ya eksirei akiiinua dirishani, chuma kirefu ndani ya mfupa na skrubu nne, mbili juu na mbili chini, akasema sasa yeye ni bango, amepigiliwa misumari.

Mguu ulipona. Akapata kazi ya kuandika jina la duka katika mji mwingine, mbali kidogo. Alimpigia mama yake simu akamwambia atarudi Jumapili. Hakurudi. Simu yake haikupatikana tena. Mwenye duka alisema kijana alimaliza kazi, akachukua brashi zake, akaaga vizuri, akaelekea barabara kuu.

Waliotafuta walitafuta. Afande, pamoja na umri wake, alizunguka vituo vya polisi na hospitali kubwa zote alizoweza kufika. Miaka ikaanza kupita. Mwalimu akataka ifanyike ibada ya kumuaga mtoto, watu waje, walie, iishe. Mama Mkasi akakataa. "Siwezi kumuaga mtu ambaye sijui yuko wapi," alimwambia. Nyumba yao ikawa na ukimya mkubwa. Mwalimu akahamia kulala chumba cha kijana, na asubuhi wakawa wanasalimiana kama wapangaji. Mama alikuja kazini kila siku. Alikata maneno ya watu kama kawaida, alituchekesha kama kawaida, na nilipomkuta mara kadhaa ameegemeza paji la uso kwenye rundo la prufu, aliniambia macho yamechoka. Nilimwacha aamini kwamba nimemwamini.

Katika hali hiyo Afande akaleta mswada wake wa sita. Ulihusu Rispa, yule suria wa mfalme Sauli. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka: Wagibeoni waliwatundika wanawe wawili mlimani pamoja na wajukuu watano wa Sauli, mwanzoni mwa mavuno ya shayiri. Rispa akatandika gunia juu ya mwamba, akawalinda wafu wake, ndege wasiwaguse mchana wala wanyama usiku, mpaka mvua ikanyesha. Kwenye riwaya ya Afande, kijana mchimbuaji wa mambo ya kale anatoweka kwenye kilima hicho, na mama yake anakaa kila siku nje ya kituo cha polisi, hatoki. Mpelelezi anasoma habari za Rispa na kutambua kwamba yule anayedai kulinda makaburi ya kale ndiye anayeyapora. Mwishoni kijana anakutwa hai kwenye handaki. Mama anamkumbatia, kwaya inaimba, kitabu kinafungwa.

Mkurugenzi alitaka kumpa mhariri mwingine. Mama Mkasi akasema atausoma yeye. Aliusoma wiki nzima bila kuandika alama hata moja, kisha akamwita Afande, na mimi nilikuwepo.

"Mwisho huu siupitishi," alisema.

Afande alishika kofia yake kwa mikono miwili. "Dada, niliuandika kwa ajili yako. Nilitaka angalau mahali pamoja arudi."

"Najua. Asante. Lakini Rispa hakurudishiwa mtoto, Afande. Alirudishiwa mifupa. Daudi alipopata habari zake alikusanya mifupa ya watu wote wale ikazikwa. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Wasomaji wetu wanataka tumaini. Watalia."

"Wapo wanaolia tayari. Hao nani anawaandikia?"

Afande akavaa kofia yake. Alibeba mswada, akashuka ngazi taratibu. Aliporudi baada ya majuma kadhaa, mpelelezi wake alikuwa amempata kijana akiwa amekufa, na mama alikuwa amemzika. Aliniambia baadaye kwamba kesi zake zote za kweli hazikumchosha kama ukurasa ule.

Kazi ikaendelea. Afande alikuwa ameandika kwamba maiti ilitambuliwa kwa pete. Mama Mkasi akaikata pete kwa sababu, alisema, pete huibwa. Pembeni akaandika badala yake: chuma kirefu ndani ya paja la kushoto, skrubu nne, mbili juu, mbili chini. Nilipanga ukurasa huo mimi. Nilizipanga zile herufi bila kumtazama, naye hakunitazama.

Kitabu kilitoka na kikapendwa kuliko vyote vilivyotangulia. Baada ya miezi michache simu ya ofisi ikalia wakati wa chakula cha mchana, nikaipokea. Mpigaji alisema yeye ni mhudumu wa chumba cha maiti katika hospitali ndogo kando ya barabara kuu, na kwamba kitabu chetu amekimaliza jana.

"Nauliza, mzee wangu," alisema, "huyu mwandishi alijua vipi kuhusu kile chuma?"

"Ni hadithi tu," nikamjibu. "Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu kuna kijana nilimvisha sanda akiwa nacho. Picha yake ya eksirei niliiona, skrubu nne, vilevile. Aligongwa na gari likakimbia, wapita njia wakamwibia kila kitu. Hakuweza kusema jina lake. Tulisubiri ndugu mpaka halmashauri ikamzika." Akaongeza, "Alikuwa na rangi ya buluu kwenye kucha. Nilijaribu kuitoa, ikakataa."

Jina la duka lilikuwa limeandikwa kwa rangi ya buluu.

Mama Mkasi alikuwa ng'ambo ya meza akimenya chungwa. Nilimshukuru mhudumu yule kwa sauti ya kawaida, nikatoka nje, nikampigia Afande. Aliniambia nisiseme lolote kwa mtu yeyote, akapanda basi siku hiyohiyo.

Nilidhani angerudi kesho yake. Alikaa huko karibu wiki nzima. Nilikuja kujua sababu asubuhi aliporudi, alipoingia ofisini kwetu akiwa amevaa suti yake ya kanisani. Alisimama mbele ya meza ya Mama Mkasi na kwa mara ya kwanza hakumwita dada.

"Mama," alisema.

Mama Mkasi akaitazama suti, akamtazama uso, akaweka kalamu chini. "Keti, Afande. Umempata."

"Nimempata."

Mama Mkasi alivuta pumzi ndefu mara mbili. Kisha akauliza swali moja tu. "Alikufa peke yake?"

"Hapana. Muuguzi alikuwa naye. Alimshika mkono mpaka mwisho. Nimeongea naye mwenyewe."

Muuguzi yule alikuwa amehamishwa hospitali mara mbili, na Afande alikuwa amemfuata kutoka mji hadi mji. Alijua swali la kwanza litakuwa lipi, na hakutaka kurudi bila jibu lake. Katika yote niliyosoma ya wapelelezi, sijasoma upelelezi mkubwa kuliko huo.

Ruhusa ya mahakama ilipatikana, kaburi likafunguliwa, chuma kikathibitishwa. Kijana alizikwa upya nyumbani kwao siku ya Jumamosi, na ofisi yetu ilifungwa. Mhudumu wa chumba cha maiti alikuja na mke wake, akakaa nyuma kabisa mpaka Mwalimu alipomwona, akaenda kumshika mkono, akamleta mbele kwenye viti vya familia. Mchungaji alisoma habari za Rispa. Mwalimu hakulia kaburini. Alilia baadaye, alipokuwa akipanga viti vilivyoazimwa, na Mama Mkasi akamtoa kiti mikononi, akamwambia, "Baba, acha. Njoo ndani tukae." Wakaingia wote wawili.

Kitabu kilipokaribia kuchapwa upya, wenzetu wa mauzo walipendekeza habari hii iwekwe nyuma ya jalada. Walikuwa na nia njema. Mama Mkasi aliwasikiliza hadi mwisho, akasema, "Kaburi la mwanangu si tangazo." Mada ikaishia hapo. Leo ameniruhusu kuisimulia kwa sababu, anavyosema, ninyi mlibeba jeneza, hamstahili kuisikia vipandevipande kwenye korido.

Ni haki kutaja pia mengine. Amelea wahariri saba wa shirika hili, na wote wamerithi ukali wake bila kurithi uvumilivu wake. Ametuachia mwongozo wa maandishi ya ndani ambao hakuna anayethubutu kuubadilisha. Amewahi kumrudishia askofu hotuba yake ikiwa nusu, na askofu akashukuru. Bado nadhani angekata na sentensi hii.

Mwenye gari hajajulikana mpaka leo. Mama Mkasi haongei kana kwamba Mungu amemweleza chochote kuhusu hilo, wala sisi hatutamwekea maneno hayo mdomoni. Mtoto wake alikufa akiwa na miaka ishirini na mitatu, na kila mwaka kuna siku ambayo tunajua haji kazini. Kustaafu hakutaibadilisha siku hiyo.

Kuanzia mwezi wa saba, yeye, Mwalimu na Afande watakuwa wanakwenda kwa zamu katika hospitali ile ya barabarani na nyingine za jirani, kuwasaidia wauguzi kutafuta ndugu wa wagonjwa wanaoletwa bila jina. Mhudumu yule amewatengea benchi karibu na mlango. Afande anasema ni kesi yake ya kwanza kufanya kazi chini ya mkubwa asiyetaka maelezo marefu.

Wiki iliyopita nilimuuliza anajisikiaje. Alifikiri kidogo, akaniambia kwamba kwa miaka yote ile alikuwa analala sikio moja likiwa getini, na kwamba siku hizi analala kweli. Anaota, anasahau alichoota, anaamka kumekucha, na Mwalimu ameshachemsha chai.

Mama Mkasi, tunakushukuru kwa kila neno ulilotukatia. Tunakutakia usingizi huo, miaka mingi.