Neno Alilopewa Maryan

Ubao wetu wa kukalia, hapa mtaani Bulla Pesa, umelazwa juu ya madebe mawili, kwenye ukuta wa duka la Sharamo. Hapo kando ndipo ninapokaanga buni kwa samli, mtoto akiwa mgongoni, na wazee hunywa kahawa mpaka jua lizame. Wakibishana mimi husikiliza tu, sina maneno mengi. Jioni moja ya mwaka wa 1979 Umuro alikuja amekunja uso. Mwalimu mkuu alikuwa amesema mbele ya wazazi kwamba Maryan, binti yake, amemaliza kidato cha nne na "distinction", na kwamba amepata nafasi ya kidato cha tano katika shule ya bweni huko Meru. Lori la ng'ombe lingeondoka alfajiri, na dereva alikuwa tayari kumbeba. Umuro alikuwa bado hajakubali.

— Watu walipiga makofi, na mimi nikapiga, akasema. Lakini nilipigia kitu nisichokijua. Kamusi, hilo neno ni nini?

Kamusi ni Isaac, katekista wa misheni. Tulimwita hivyo kwa sababu hajawahi kusema "sijui".

— Ni tofauti. Hiki si kile.

— Tofauti gani? Maryan si mtoto kama wengine?

— Pia ni heshima.

— Sasa ni tofauti ama ni heshima? Chagua moja, usituzungushe! Huyo alikuwa Lowoi, Mturkana tuliyemwita Redio.

— Ni zote mbili. Padre alinieleza. Limetoka Kilatini, lugha ya zamani ya kanisa. Mwanzo wake ni kutenga kitu, kama kukidunga alama kwa ncha kali.

Umuro akaweka kikombe chini.

— Kama tunavyokata sikio la ng'ombe?

— Kama hivyo.

— Basi nimeelewa. Mnyama ukimtenga na kundi, ni wa mnadani ama wa kuchinjwa.

— Wewe Mborana unajua kuuza tu! akasema Redio. Kwetu dume anayependwa ndiye anayetengwa. Anavishwa kengele, na mwenyewe anamwimbia. Tena nimesikia zaidi. Hao wa distinction wanapigwa picha, picha inapelekwa Ulaya.

— Ulaya!

— Huko wanachaguliwa. Hata kuolewa, wanaolewa na distinction wenzao. Wakizaa, mtoto anatoka tumboni akisoma.

— Redio, betri zako zimekwisha, akasema Kamusi.

Wakacheka wawili hao. Umuro hakucheka.

— Mnacheka kwa sababu si mtoto wenu. Alama ya sikio ni ya mwenye ng'ombe. Akipotea mpaka Kipsing, mtu anaangalia sikio, anajua ni wa nani, anamrudisha. Hii ya Maryan wametia watu wengine. Akipotea huko Meru, watamrudisha kwa nani?

Nikamwongezea Umuro kahawa, lakini hakuigusa.

Ndipo akafika Kabale, mama yake Umuro, ametembea kutoka Ngaremara, vumbi mpaka magotini.

— Salaam aleikum.

— Aleikum salaam, Akko, nikamjibu, kwa kuwa ndivyo tunavyomwita nyanya.

— Nimesikia njiani mjukuu wangu amepewa heshima.

Wakamweleza wote kwa pamoja: sikio, kengele, Ulaya. Akawaacha wamalize. Kisha akachungulia sufuria yangu. Samli ilikuwa inang'aa juu ya buni, ile samli ambayo kwetu mtu anayeombewa baraka hupakwa kichwani.

— Mnasema wageni wamemtia alama, akasema. Je, nyinyi mmempaka?

Kabale akamgeukia Umuro.

— Yuko wapi?

— Nyumbani, akasema Umuro polepole. Tangu turudi kutoka shuleni hajanisemesha. Na mimi sijamsemesha.

Akasimama. Akaniomba kikombe, nikamtilia buni za mwisho pamoja na samli yake yote. Alivuka barabara akikishika kwa mikono miwili, mama yake akimfuata. Maryan alikuwa mlangoni akianua sare yake ya shule. Alipomwona baba yake, aliinamisha kichwa.

Umuro akachovya kidole. Akampaka utosini, kisha kwenye paji la uso, taratibu, kama mtu anayeogopa kuumiza. Barabara ilikuwa kimya, nikamsikia vizuri.

— Usinawe uso mpaka ufike Meru, akamwambia. Wakuone ni wa nani.