Nafasi Aliyoiacha Dada Yangu

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi vijana wenzangu wa kikundi chetu hapa Igoma, asanteni kwa kunipa nafasi. Mmeniomba niseme juu ya malengo. Nitasema, ingawa nasimama hapa na aibu.

Nilimaliza chuo nikiwa na miaka ishirini na tatu, nikarudi Mwanza kuishi kwa dada yangu, Mkolani. Mama yetu alishafariki, na dada ndiye aliyenilea. Anauza vitenge. Mimi nilikuwa nasubiri ajira. Lakini malengo nilikuwa nayo, ndugu zangu. Kila mwaka mpya nilimsomea dada mipango yangu kwenye simu: kampuni, nyumba, shamba la samaki. Alikuwa ananisikiliza mpaka mwisho, kisha ananipakulia chakula. Kesho yake naamka saa nne, naoga, nakwenda Mabatini kupiga soga na wenzangu. Miaka ikapita hivyo.

Siku moja nilirudi mchana. Dada alikuwa uani akifua, na jirani yetu ameketi karibu naye. Hawakuniona.

"Ile nafasi ya chuo cha uuguzi umewajibu?" jirani aliuliza.

"Nimewaambia siendi."

"Kwa nini? Si ndiyo uliyokuwa unaililia?"

"Kule ni kukaa bweni. Huyu nitamwacha na nani? Hajasimama bado."

"Huyu ana ndevu, mwenzangu."

Dada akakamua shati. Lilikuwa shati langu. "Najua," akasema. "Lakini mama aliniachia mimi."

Nilisimama nyuma ya ukuta. Na nawaambia kitu ambacho sijawahi kukisema: niliingia ndani, nikakuta ameniwekea ugali na sato, nikala. Nikamaliza.

Nililala na hilo. Asubuhi nikamwambia, "Dada, nenda chuo. Mimi nitajitegemea."

"Wameshampa mwingine," alijibu. Hakuwa na hasira, na hapo ndipo iliponiuma.

Nikaanza kumweleza mpango mpya. Akaweka kikombe chini. "Mdogo wangu, mipango yako naijua yote. Nionyeshe kitu kimoja."

Siku hiyo nilikwenda ufukweni kwa fundi wa injini za mitumbwi, nikamwomba anifundishe. Nilikuwa na lengo moja tu: dada akiomba chuo tena, asiwe na sababu ya kubaki. Msidhani nilibadilika ghafla. Wiki ya pili nilitoroka, nikalala nyumbani. Kaka mmoja wa kikundi hiki, aliyesikia kwa fundi, akaja kunigongea mlango. Akauliza, "Leo umemfanyia dada yako nini?" Nikavaa, nikarudi kazini. Tangu hapo akawa ananiuliza hivyohivyo kila Jumapili, na mimi nikaanza kuipanga wiki yangu kwa kuliogopa swali lake.

Leo injini nafungua na kufunga mwenyewe, na wavuvi wananipigia simu. Dada aliomba tena, akapata. Yuko chuoni. Anasema wanafunzi wenzake humwamkia shikamoo kwa sababu darasani ndiye mkubwa kuliko wote. Akinisimulia hucheka sana. Mimi hujitahidi kucheka naye.

Namshukuru fundi wangu aliyenipokea mara ya pili bila kunisimanga. Namshukuru kaka yule, naye anajijua. Dada nimeshamwomba msamaha, amenisamehe. Mungu pia, naamini.

Vijana wenzangu, mimi nilidhani nikichelewa najichelewesha mwenyewe. Mkirudi nyumbani leo, mwangalieni anayewapakulia chakula. Muulizeni yeye alitaka kuwa nani, halafu kaeni kimya mpaka amalize kujibu.